Ukiitwa Rwema, Itika

Kazi ya mume wa Vestine ilikuwa kungoja kuitwa.

Ndivyo alivyowaeleza wanawake wa kanisani, pale South End, Louisville, Marekani, walipomuuliza huyo bwana wake anafanya nini hasa na mpira usiopigwa kwa mguu. Katika besiboli, aliwaambia, kuna mrushaji anayeanza mchezo, naye anaijua siku yake tangu wiki iliyopita. Halafu kuna warushaji wa akiba. Hao hukaa kwenye kizimba kule mwisho wa uwanja, kama mafahali waliotengwa na kundi. Mwenzao akichoka na kuanza kupigwa ovyo, simu ya ukutani inalia, jina linatajwa, geti linafunguliwa, na mmoja wao anakimbia kwenda kuzima moto ambao hakuuwasha yeye.

"Donc analipwa juu ya kukaa," alisema jirani yake Sandrine. "Mtafutie na wangu kazi hiyo, kukaa anajua sana!"

Wakacheka wote.

"Analipwa kuitika," Vestine akajibu, akicheka nao.

Jina lililotajwa kwenye vipaza sauti lilikuwa Rwema Rugaba. Nyumbani aliitwa Mizero. Jambo hilo halikumsumbua Vestine hata kidogo. Kati ya watu waliotoka milima ya Kivu Kusini wakapitia kambini, ni nani asiye na jina la karatasi na jina la nyumbani? Kwa karatasi, nusu ya kanisa ilizaliwa tarehe moja Januari. Yeye mwenyewe alimwita Baba Inga, tangu mimba ilipoonekana, maana walishakubaliana kwamba mtoto ataitwa Ingabire.

Mizero alikuwa mtu wa mkono wa kushoto. Alikula kwa kushoto, mama yake Rakeli akamgombeza hata mbele ya wageni. Aliandika kwa kushoto, alimbeba mtoto kwa kushoto. Mpira tu ndio aliurusha kwa kulia. Ukimuuliza, anainua mabega. "Sijue. Siku ya kwanza huu njo mkono ulioenda."

Siku hiyo ya kwanza hakuwa hata mchezaji. Alikuwa mwanafunzi anayepita kando ya uwanja wa shule na mkoba wake, mpira ukabingirika hadi miguuni pake, na mwalimu akapaza sauti kutoka mbali: "Rwema! Turudishie!" Akauokota, akaurusha. Mpira ulipita juu ya mwalimu, juu ya uzio, ukaenda kugonga ubavu wa basi la shule lililoegeshwa ng'ambo ya barabara. Mwalimu alibaki ameshika kofia yake mkononi kama mtu aliyeingia kanisani.

Jumapili moja ya mwezi wa sita, mchana, Vestine aliketi jukwaani na Ingabire wa miezi mitatu. Jina likatajwa, geti la kizimba likafunguka, mumewe akatoka. Mizero hutembea polepole, akitazama chini, kana kwamba kuna nguo zimeanikwa kwenye majani naye hataki kuzikanyaga. Huyu aliyetoka alikuja akirusha mabega, kidevu juu, kama mtoto anayejua kwamba leo atawashinda wenzake wote. Alipanda kile kilima kidogo cha katikati. Akavuta sikio la kushoto mara mbili, akabana midomo kama mtu apigaye mluzi kupitia meno, akarusha. Mipira tisa. Wapigaji watatu walirudi kuketi bila gongo kugusa chochote. Watu wakasimama kushangilia, na Vestine akasimama nao.

Ingabire akaanza kulia wakati baba yake anawajia kwenye maegesho. Alipomnyooshea mkono wa kulia, mtoto akapinda mgongo na kupiga kelele kama aliyeguswa na maji ya moto.

"Ni jua," Vestine alisema.

Mume akawasha gari. Walipofika nyumbani, akashuka garini polepole, akauliza kama kuna maharage yaliyobaki, akala kwa mkono wa kushoto. Ingabire alilala kifuani pake jioni ile yote. Kwa hiyo Vestine akaamini kweli lilikuwa jua.

Mwaka uliofuata timu ya Columbus ikamchukua. Wakapanga nyumba Linden, ya mbao, yenye baraza mbele na majirani wawili Wakongomani. Huko ndiko jina lilikopanda. Mpira wake ulifika maili tisini na nane kwa saa. Aliingia mechi kumi na saba mfululizo bila mtu kupata pointi hata moja, na watoto walianza kuvuta masikio yao ya kushoto jukwaani kila alipotajwa. Kutoka Columbus hatua ilikuwa moja tu kufika ligi kuu.

Ila alichelewa kurudi.

Vestine hakuwa na neno jingine la kuliita jambo hilo. Mwili ulifika nyumbani saa ile ile. Mwenyewe, Mizero, kule Louisville alikuwa akirudi njiani. Huku Columbus alirudi baada ya kuoga, kisha baada ya kulala, kisha asubuhi ya pili chai ikiwa imeshapoa mezani. Vestine alijifunza kutazama mkono unaofungua mlango. Ukiwa wa kulia, alimchukua Ingabire na kwenda kukaa barazani mpaka mambo yatulie. Aliomba sana. Hakumwambia mtu, maana angeanzia wapi? Kwamba mume wangu anashinda mno?

Siku moja ya mwezi wa nane mchezo ulikuwa wa mchana. Saa kumi na moja jua bado kali, mlango ukafunguliwa kwa mkono wa kulia. Alikaa mezani, akashika kijiko kwa kulia, akala haraka kama mtu anayeogopa kunyang'anywa.

"Baba Inga."

Akaendelea kutafuna.

"Mizero."

Hakuinua hata jicho. Ingabire, ambaye sasa alikuwa akitembea, alikuja akashika mguu wa kiti. Mwanamume akamtazama. Hakumtazama kwa ubaya. Alimtazama kwa adabu, kama mgeni.

"Huyu mtoto ni wa nani?" aliuliza. Kisha akageukia dirisha. "Ng'ombe zimeshaingia?"

Vestine alimnyakua mtoto, akatoka barazani, akampigia mama mkwe Louisville. Mama Rakeli alifua nguo katika nyumba ya wazee, na katika miaka yote hakuwahi kutazama mchezo hata mmoja. Alisema miguu inamuuma, mara kelele zinamchosha. Vestine hakumweleza mengi. Alimtumia kipande cha video cha mumewe akirusha, kile ambacho watu wote walikuwa wakitumiana. Alisikia sauti ya washangiliaji upande wa pili wa simu. Kisha video ikachezwa tena tangu mwanzo.

"Mama? Uko?"

"Nakuya," Rakeli alisema.

Alifika kesho yake kabla ya saa sita, ameletwa na mchungaji Eliezer. Mwili wa mwanawe ulikuwa ndani, mwenyewe bado hajarudi. Hakuwa amewahi kuchelewa hivyo. Alikuwa sebuleni akiangalia picha za ukutani moja moja. Alhamisi, kocha alikuwa amesema, anapanda ligi kuu. Ilikuwa Jumanne.

Rakeli hakuingia ndani. Aliketi kwenye ngazi za baraza, bado amevaa sare ya kazi.

"Binti yangu, mi nilizaa watoto wawili wanaume," alianza. "Rwema na Mizero. Rwema njo alikuwa mkubwa. Kule juu kwetu alichunga, na kama fahali anaenda kwenye shamba la watu, alikuwa anavuta sikio, anapiga mluzi, anatupa jiwe. Linapiga pembe. Hata ng'ambo ya bonde, linapiga pembe. Mizero hakuwahi kupiga hata mti."

Vestine aliketi kando yake.

"Tulipokimbia, Mizero alibaki na shangazi yake. Kambini, kule Nakivale, kwenye karatasi wakaandika mimi na Rwema. Bon, Mizero akaletwa nyuma yetu. Tulikuwa bado kumwandikisha, Rwema akashikwa na homa. Siku tatu. Alikuwa na miaka kumi na moja. Na interview ya kuja huku imebaki wiki tatu. Wakaniambia, ukibadilisha karatasi, unaanza upya, miaka mingine mitano. Nikamkalisha Mizero. Nikamwambia: kuanzia leo ukiitwa Rwema, itika."

"Na Rwema?"

"Tulimzika na jina la Mizero. Limeandikwa kwa msalaba." Alifuta pua kwa kiganja. "Sikumlilia, binti yangu. Ningemlilia namna gani kwa jina lake, na majirani wanasikia? Hatukufanya matanga. Hakuna mtu alimwambia yeye mwenyewe kama amekufa. Na sasa watu elfu wanamwita."

Waliingia pamoja. Mwanamume aligeuka kutoka kwenye picha, na uso wake ukafunguka kwa furaha, halafu ukasita.

"Mama," alisema, "mbona umezeeka?"

Rakeli aliushika ukuta. Vestine akamshika kiunoni.

"Rwema," Rakeli alisema. Miaka kumi na minne hakuwa amelitamka akimaanisha mwenyewe. "Mwanangu. Nani alikuita?"

"Wananiita. Watu wengi, Mama. Watu wengi sana."

"Hao hawakujue. Mimi njo nakujua. Wewe ulikufa, kijana wangu. Ulikufa kwa homa, kichwa chako kikiwa kwa mapaja yangu. Nisamehe. Sikukuambia."

Na hapo Rakeli akalia. Alilia kwa sauti, kwa jina, kama walivyoliliwa waliokufa tangu zamani, mpaka majirani wa Linden wakaja mbio. Hawakuuliza maswali mengi. Walipoambiwa ni matanga ya mtoto aliyefia kambini, walivua viatu, wakakaa chini, Kostansia wa nyumba ya pili akaanzisha wimbo, na mchungaji Eliezer akaomba akilitaja jina la Rwema waziwazi. Mwanamume aliketi katikati yao mchana kutwa, macho yakiwa yamefumbwa, akisikiliza. Jua lilipoanza kushuka nyuma ya paa la jirani, aliomba maji. Vestine alimpelekea bilauri.

Aliipokea kwa mkono wa kushoto.

"Mama Inga," alisema kwa sauti iliyochoka. "Kwa nini nyumba imejaa?"

Kesho yake walikaa wawili barazani, Ingabire katikati yao akila ndizi.

"Nikienda kwa jina langu," Mizero alisema, "sitarusha vile tena. Unajua?"

"Najua."

"Ni ligi kuu, Vestine."

"Najua. Na ukienda kwa jina lake, kuna siku mlango utafunguliwa kwa kulia na hautafunguliwa tena kwa kushoto. Mimi nataka kumjua anayemshika mtoto wangu. Hayo tu."

Aliitazama mikono yake, wa huku na wa huku. Ingabire alimpaka ndizi gotini. Ndipo akatoa simu, akampigia kocha, akamwambia kwamba kuanzia leo wamtangaze kwa jina lake la nyumbani.

Alikaa ligi kuu siku tisa. Walimtangaza "Mizero" kwa kigugumizi, akapanda kilima polepole akitazama chini, na mpira wa kwanza ulipigwa ukapotea jukwaani. Maili themanini na tisa. Wakamrudisha Columbus kabla sanduku lake halijafunguliwa lote. Vuli ile fomu ya uraia ilimuuliza kama anataka kubadilisha jina, akaandika. Siku ya kiapo jaji alilisoma jina jipya, naye akainua mkono wa kushoto juu kabisa, mpaka karani akaja kumnong'oneza kwamba ni ule mwingine. Vestine alicheka mpaka akatolewa nje na mtoto. Kule Nakivale, binamu yao Sylveri aliupaka msalaba rangi upya, akaandika Rwema, akatuma picha.

Timu ya Buffalo ilimchukua msimu uliofuata kwa sababu ilikosa watu. Walikaa Kensington-Bailey, juu ya duka la nguo, na Vestine alipata kazi ya kuhudumia wazee karibu na barabara ya Bailey. Mizero alirusha kwa akili, kwa subira, kwa mkono wa kulia uliojifunza na sasa umesahau. Alipigwa Jumanne, alipigwa Ijumaa. Kila jioni alirudi nyumbani mzima, kwa wakati, akiuliza kama kuna maharage.

Mwezi wa saba walimwambia kwamba mechi ya Jumapili ndiyo ya mwisho. Vestine alikwenda na Ingabire, sasa mwenye miaka miwili na maneno mengi. Simu ililia kizimbani. Mizero Rugaba, mtangazaji alisema, vizuri kabisa. Geti likafunguliwa. Akatoka kwa ule mwendo wa kutokanyaga nguo, akawatafuta kwa macho jukwaani, akapunga mkono wa kushoto. Wapigaji watatu wa kwanza walimpiga wote watatu. Alikuwa akitabasamu.

Ingabire hakuwa akimtazama baba yake. Alikuwa amesimama kwenye kiti, uso umeelekea kule kizimbani, kwenye geti ambalo mtu alikuwa amesahau kulifunga. Hapakuwa na mtu hapo, majani tu na kivuli cha ukuta. Mtoto akainua mkono wake mdogo, akavuta sikio la kushoto, mara mbili. Hakuna aliyewahi kumfundisha. Kisha akapunga.

Vestine alitaka kumkalisha, kumfunika macho. Badala yake alipiga magoti kando ya kiti, akamshika kiuno asianguke.

"Mpungie vizuri," alimwambia. "Ni baba yako mkubwa. Anaenda zake."

Wakapunga wote wawili mpaka geti lilipojifunga polepole. Hapakuwa na upepo. Kisha Ingabire akageuka, akaonyesha kidole kile kilima cha katikati ya uwanja, na kwa sauti ya kusikika safu tatu, akaita: "Baba!"

Naye akaitika.