Utanisikilizia

Nilimkuta Osundwa ameifungua spika yote mezani, bisibisi mdomoni, nyaya zimetapakaa kando ya sahani ya obusuma, ugali wetu, ambayo hakuwa ameigusa. Alikuwa anatafuta gita.

"Mama Mitchel, hii kitu imekufa upande mmoja," akasema. "Ngoma iko, mwenye kuimba yuko, lakini gita hakuna."

Mume wangu alikuwa dereva wa trekta la miwa, na tangu nimfahamu hakupenda muziki mwingine ila roki ya Wazungu. Aliuokota shule ya bweni, kwenye redio ya mwalimu, na haukumtoka tena. Pale kwetu Ekero walimcheka. Trekta likipita na matela yake, gita likipiga mayowe juu ya injini, watoto walikimbia kando ya barabara wakitingisha vichwa. Mimi naimba soprano kanisani, na nilimwambia mara nyingi kwamba huo si wimbo, ni watu wanapigana jikoni. "Siku utasikia vizuri, utaokoka mara ya pili," alinijibu.

Lakini wakati huo trekta lilikuwa na dereva mwingine. Walipompima Kakamega walimkuta na kifua kikuu, ile aina sugu iliyokataa dawa za kawaida, na kila asubuhi nilimsindikiza zahanati kudungwa sindano. Makalio yalikuwa yamemvimba hivi kwamba aliketi kwa upande mmoja tu, kama mgeni anayetaka kuaga.

Spika tuliipeleka kwa Wanzala, fundi wa redio. Akaijaribu kwa wimbo ambao Osundwa aliupenda kuliko nyingine zote. Gita likaingia, kali na safi, mpaka mwanamke aliyekuwa akinunua betri akaziba masikio.

"Iko sawa kabisa, mzee," Wanzala alisema. "Inalia kushinda hata mpya."

Osundwa hakumtazama Wanzala. Alinitazama mimi. "Limeingia?"

Nikaitikia kwa kichwa. Sijawahi kuyachukia masikio yangu kama siku ile.

Muuguzi Cherotich alikuwa ametuonya tangu mwanzo, akiwa ameshika kichupa cha dawa bila kukifungua. Dawa hii inaokoa mapafu, alisema, lakini kwa wengine inachukua masikio, na inaanza na sauti nyembamba, zile za juu. Tuliitikia tu. Mtu anayekohoa damu hana nafasi ya kufikiria masikio. Siku hizi nasikia wagonjwa wanapewa vidonge, sindano zile zimeachwa. Namshukuru Mungu kwa ajili yao, halafu nakasirika, halafu naendelea kuosha vyombo.

Tulirudi kwa Cherotich. "Hakuna ingine, sista?"

"Hapa kwetu hakuna, mama." Niliona kwamba naye anaumia. "Lakini akiacha sasa, ugonjwa utamrudia, na utammaliza."

Tukiwa njiani kurudi, Osundwa alisimama kando ya shamba la miwa.

"Na nikiacha?"

"Utakufa."

"Lakini nitakuwa nasikianga."

"Nani atakuwa anasikianga, Baba Mitchel? Maiti?"

Nilipiga kelele, nikalia palepale barabarani, watu wa bodaboda wakipunguza mwendo kututazama. Nilimtaka hai, hata awe kiziwi kabisa. Nilitamani kumpa kitu badala ya masikio yake na sikuwa nacho. Nilikuwa na kilio tu.

Asubuhi iliyofuata alivaa koti mwenyewe, akanisubiri mlangoni.

Tangu hapo hakusikiliza ovyo. Alizichambua nyimbo zake jinsi tunavyochambua maharagwe. Wimbo aliojivunia miaka mingi aliukatiza katikati: "Huu nilikuwa napenda juu ya mazoea tu." Zilizobaki, zile alizoona zinastahili, alizirudia, na mimi akanikalisha mbele yake.

"Wewe utanisikilizia," alisema. "Haya masikio yakiisha, lazima mtu mmoja kwa hii nyumba ajue gita linaingia wapi."

Akanifundisha kuonyesha kwa mkono. Gita likinong'ona, mkono chini. Likipanda, mkono juu. Likilia, vidole vitetemeke. Ngoma bado alizisikia, kwa hiyo aliniwahi kila nilipokosea. "Umechelewa," alisema. "Tena umechelewa." Nilimwambia kwaya nzima haijawahi kuninyanyasa hivyo, akacheka hadi akakohoa. Na kwa kurudiarudia, ule wimbo wake mkuu ukanifungukia. Miaka yote nilidhani yule mtu anagombana. Kumbe alikuwa anabembeleza, kama nilivyobembeleza mimi kando ya miwa.

Ndege wa alfajiri walimpotea. Kengele ya baiskeli ikapotea. Binti yetu Mitchel akawa anamwita "baba" akiwa nyuma yake, kisha anazunguka mbele kumshika mkono. Sauti yangu ilimtoka kabla ya ngoma, nami nikazionea ngoma wivu, mimi mtu mzima. Alinitazama midomo, akatabasamu mahali pasipo na kicheko. Kisha ngoma nazo zikaenda.

Alipona. Kanisani walishangilia, na walikuwa na haki. Osundwa alisimama katikati yao akitazama mikono ikipiga makofi.

Jumapili moja baada ya chakula alinionyesha spika kwa kidevu. Iko juu ya kabati, nyuma ya kiti chake. Nikauweka ule wimbo, nikakaa mbele yake. Mkono chini. Gita lilinong'ona, mwimbaji akaanza kubembeleza, ngoma zikaingia. Tulipokaribia pale linapopanda, stima ikakatika kijiji kizima.

Nyumba ikanyamaza. Nilisikia kuku uani, na jirani akilalamika. Osundwa alikuwa bado anautazama mkono wangu, kidole chake kikigonga goti kwa mpigo uleule, bila kukosea. Nilitaka kumwambia.

Nikaupandisha mkono, kwa sababu hapo ndipo gita linapanda. Nikaviacha vidole vitetemeke. Nikaushusha polepole, hadi mwisho wa wimbo.

Kidole chake kikatulia.

"Leo," akasema, kwa ile sauti kubwa asiyoisikia, "hukuchelewa."