Upande wa Nyuma wa Mnara

Treni iliingia stesheni saa nne asubuhi, imechelewa saa nzima, na ile ya kuunganisha ilikuwa iondoke saa saba na nusu. Mama Pacha ndiye aliyetangulia kukanyaga chini. Wakaliacha begi lao kwenye chumba cha mizigo, kisha akatoa kikaratasi mkobani na kumsomea mumewe ratiba kama karani anayesoma majina ya waliofaulu mtihani: lango kuu, jumba la watawala, kisima cha ngazi mia, mtaa wa wafua shaba, na mwisho mnara. Miaka kumi na mmoja alikuwa amekaa nyuma ya kaunta ya posta akiwauzia watu wengine kadi za picha za mji huu mkongwe. Leo ilikuwa zamu yake.

"Tukikazana tunavimaliza vyote," akasema. "Chai tutakunywa huku tunatembea."

Mumewe akasema waanze na mnara.

Mama Pacha akamtazama. Mnara ulikuwa mbali kuliko vyote, juu kabisa ya kilima, na mtu mwenye akili zake timamu angeumalizia. Akamwuliza kama usingizi wa treni haujamtoka. Mume alikuwa ameshatangulia. Akakata kona ya kwanza, akaingia kwenye kichochoro kati ya duka la vioo na ukuta wa kale, bila kumwuliza mtu njia. Hilo la kutouliza njia ndilo lililomkaa mkewe moyoni. Siku zote mume huyu alikuwa akisema mji ule aliwahi kuupita tu, ujanani.

Wateja wake walimwita Timazi, kile kipande cha risasi kinachofungwa kwenye uzi kupimia kama ukuta umesimama wima. Walimwita hivyo kwa sababu kuta zake hazikupinda, na maneno yake pia. Akikwambia kazi ni wiki mbili, ni wiki mbili. Akikwambia nyumba yako ina ufa wa kukutisha, hakuna cha kumbembeleza. Sasa sifa zake zilikuwa zimefika mbali: mfukoni mwa koti lake mlikuwa na barua ya kumwita akasimamie ukarabati wa mahakama ya zamani, jengo la mawe na chokaa, kazi ya miaka miwili, mafundi kumi na wanane chini yake. Alitakiwa aripoti kesho yake asubuhi. Mama Pacha alikuwa amechukua likizo aende kuangalia nyumba na shule, na watoto walikuwa kwa bibi yao.

Lakini barua ile, tangu siku aliyoipokea, ilikuwa ikimchoma kama kaa la moto.

Walipofika nusu ya kilima, pale njia inapogeuka ngazi, Mama Pacha akasimama.

"Mimi sisogei," akasema. "Niambie kwanza anaitwa nani."

"Nani?"

"Huyo mwanamke wako wa huku."

Mkewe akamweleza polepole, kwa sauti ya mtu aliyeyafanyia mazoezi maneno yake miaka mingi. Mwaka ule waliooana alibandika sebuleni kadi ya mnara huu, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa nzuri kuliko zote pale posta. Haikupita wiki, mume akatundika kalenda juu yake. Mwaka uliofuata kalenda mpya, palepale. Sebule ina kuta nne na misumari sita, lakini kalenda haikupata mahali ila juu ya mnara. Mama Pacha akajisemea, huyu ana mtu kule, na hataki hata kuuona mji anaokaa. Akanyamaza, akasubiri siku.

Timazi akaketi kwenye ngazi, mikono juu ya magoti. Hapo ndipo alipoyatapika yote.

Alikuwa na miaka ishirini na miwili. Alikuja hapa kujifunza kazi chini ya mzee mmoja waliyemwita Fundi Mkuu, mtu mkavu, mashoto, asiyecheka ila akiona ukuta wa mwenzake umepinda. Mnara ulikuwa umebomoka kipande upande wa nyuma, upana wa mlango wa nyumba, nao walitakiwa kukiziba. Fundi Mkuu hakutaka kusikia habari ya saruji. Ukuta wa chokaa, alisema, unavuta maji ya mvua na kuyatoa tena. Ukiuziba kwa saruji maji yanabaki ndani, mawe yanavimba, yanamenyeka kama maganda ya kitunguu. Kwa hiyo walichimba shimo, wakaizima chokaa kwa maji, wakaiacha ilainike wiki tatu. Kazi ya Timazi ilikuwa moja tu, kuhakikisha shimo lina maji na lina kifuniko.

Fundi Mkuu akashikwa na homa, akalala nyumbani siku tano. Timazi akaenda kuangalia mpira mji wa jirani, timu ikashinda, akakaa huko siku mbili. Kifuniko alikuwa amekiacha pembeni. Aliporudi, chokaa ya wiki tatu ilikuwa imekauka na kuwa jiwe.

"Ningesema, ningefukuzwa siku ileile," akasema. "Jirani walikuwa wanajenga choo. Nikachukua nusu mfuko wa saruji, nikaichanganya na vumbi la mawe ipate rangi, nikajenga kile kipande kwa siku moja na nusu."

Fundi Mkuu alirudi kazini bado anatetemeka. Akaupapasa ukuta kwa kiganja, akasema tu, "Umefanya haraka." Wiki iliyofuata Timazi akapewa barua yake ya kumaliza mafunzo, akafunga virago, na hakurudi tena. Hata aliposikia Fundi Mkuu amefariki hakuja kuzika. Angeupitaje ule mnara, na kwa uso gani?

Mama Pacha akamsogelea. Kisha akauliza, "Saruji?"

"Saruji."

"Nusu mfuko?"

"Nusu mfuko."

"Yaani mimi nimekula wivu miaka yote hii kwa ajili ya nusu mfuko wa saruji."

Akacheka hadi akashika ukuta wa njia. Kicheko kikamtoka na machozi kidogo, akayapangusa kwa ncha ya mtandio. Lakini Timazi hakucheka naye. Akamwambia lililobaki. Alikuwa amejiapia kwamba akikuta mawe yameoza, barua ya mahakama hataipeleka. Atachukua treni ya kurudi nyumbani, ajenge mabanda na uzio basi. Aliyeua ukuta mmoja wa miaka mia nne, kwa mkono wake na kwa makusudi, hapewi wa pili.

Sasa Mama Pacha naye akaacha kucheka. Uhamisho alikuwa ameshauomba. Pacha walikuwa wameshawaaga wenzao darasani. Akakunja kile kikaratasi cha ratiba, akakitia mkobani.

"Basi twende tukaone," akasema. "Kukaa hapa hakutaukausha."

Juu palikuwa na upepo, na wageni wachache waliokuwa wakipigana picha mbele ya mnara, upande ule ule wa kwenye kadi. Upande huo ulikuwa mzuri kama siku zote. Haukumwambia Timazi kitu. Akazunguka. Nyuma palikuwa na kamba na kibao cha kukataza watu kupita; akaiinua kamba, akapita, roho mkononi. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amepaona mahali hapa akilini, kila mvua kubwa iliponyesha usiku: doa jeusi lenye unyevu, chumvi nyeupe ikichuruzika, mawe yakidondoka moja moja.

Akakiona kile kipande. Hakikuwa na doa.

Akasogea. Mawe yalikuwa makavu, kingo zake kali, yamekaa kama meno ya mtu mwenye afya. Akaweka kiganja. Akatoa ufunguo wa nyumba mfukoni, akaukwaruza kwenye kiungo kati ya mawe mawili. Kwenye saruji ufunguo ungeteleza. Hapa ulizama kidogo, ukatoa unga mweupe, laini. Akaonja unga ule kwa ulimi, kama mwendawazimu, mbele ya mkewe.

"Hii ni chokaa," akasema.

"Si ulisema saruji?"

"Nilisema saruji."

Akainama kona ya chini, kulia, mahali ambapo kila fundi aliyefanya kazi pale alichora alama yake kabla kiungo hakijakauka. Yake ilikuwa mstari mmoja wima na kitone chini yake, timazi, kabla hata wateja hawajampa jina hilo. Alama ilikuwepo. Ila haikuwa mkono wake. Mstari ulivutwa kutoka kulia, ukalala kidogo upande, kama anavyochora mtu anayeshika mwiko kwa kushoto.

Timazi akapiga magoti.

"We bwana, kamba huioni?" sauti ikatoka nyuma yao. Alikuwa mlinzi wa mnara, mtu mrefu kupita kiasi, mvi zimeanza, kitabu cha tiketi mkononi. Akakaribia kwa hasira zake zote, akamtazama huyu aliyepiga magoti, akatazama ufunguo, akatazama unga mweupe mdomoni mwake. Hasira zikamwishia njiani. "Shimo la chokaa," akasema. "Si wewe wa shimo la chokaa?"

Ndipo Timazi akamtambua. Zamani alikuwa mbeba mawe wao, nao walimwita Ngazi, kwa vile kazi nyingi za juu alizifanya bila kupanda kitu.

Ngazi akamsalimia shemeji yake kwa heshima, akaomba radhi kwa kelele, kisha akakaa juu ya jiwe na kuwasimulia. Timazi alikuwa hajamaliza wiki tangu aondoke, Fundi Mkuu alipokuja na tindo na nyundo. Alijua tangu ile siku ya kuupapasa ukuta. Saruji mbichi ina joto lake, na mzee hakuwa mtu wa kudanganywa na vumbi la mawe. Wakaitoa yote, wawili tu, siku nne, mzee akitukana kila tofali la choo lililowahi kujengwa. Wakazima chokaa nyingine. Wakangoja wiki tatu. Wakajenga upya, polepole, na mwisho mzee akachora ile alama.

"Nikamwuliza kwa nini asiweke yake," Ngazi akasema. "Akaniambia, 'Ukuta ni wa kijana. Mimi nimetoa kosa tu.'"

"Na hakuniletea hata salamu," Timazi akasema.

"Nilitaka kukuandikia, akanikataza. Akasema, 'Akirudi kuuangalia, mwambie. Asiporudi, basi hakuwa fundi.'" Ngazi akajikuna shingo. "Miaka kumi na tisa, kaka. Nilishaanza kukukatia tamaa."

Timazi akakaa chini kabisa, mgongo kwenye mawe, akashusha pumzi ndefu hadi mabega yakalegea. Kisha akaanza kucheka, na kucheka kule kulikuwa na kilio ndani yake, na Mama Pacha akaketi kando yake juu ya vumbi na nguo yake ya safari, bila kuipangusa.

Walikaa muda mrefu kuliko walivyodhani. Ngazi aliwapeleka kwenye kaburi la mzee, lililokuwa palepale mteremkoni. Kengele ya mji ilipolia saa saba wakashtuka, wakateremka kilima mbio, wakapita mlango wa jumba la watawala bila kugeuka. Kisima cha ngazi mia walikisikia tu kwa watu waliokuwa wakitoka wakihema. Kutoka mtaa wa wafua shaba walipata kelele za nyundo peke yake. Waliingia behewani, begi mkononi, dakika tatu kabla ya filimbi.

Treni ilipokwisha kushika mwendo, Timazi akampigia simu mhandisi wa mahakama. Akamwambia habari ya mawe ingoje. Kesho akifika anataka kwanza wachimbe shimo la chokaa, na shimo liwe na kifuniko kizito. Mhandisi akauliza nani atawekwa kulichunga.

"Mimi mwenyewe," akasema.

Mama Pacha alikuwa anaangalia simu yake. Kati ya mji mzima wa kale alikuwa amepata picha moja: kipande cha ukuta, na mumewe chini yake na unga mweupe mdomoni.

"Hii naichapisha kubwa," akasema. "Nitaitundika sebuleni, kando ya ile kadi. Na kalenda?"

"Kalenda itafute ukuta wake," Timazi akasema, akaegemeza kichwa dirishani, na kabla mji haujapotea nyuma yao alikuwa ameshalala fofofo.