Siku Tuliyofunga Midomo Uwanjani

Kazini wananiita Mama Vibao, na jina hilo nimelitolea jasho. Kila kibao unachokiona katika jengo la abiria la uwanja wetu wa ndege, kuanzia cha mlangoni mpaka cha chooni, kimepita mikononi mwangu. Nilichagua rangi, nikabishana na fundi juu ya ukubwa wa herufi, nikapanda ngazi mwenyewe kuhakikisha hakuna kilichopinda. Sasa mtu anasimama chini ya kibao changu, anakitazama vizuri tu, halafu anageuka kumuuliza mfagiaji, "Samahani ndugu, pa kuondokea ni wapi?" Damu inanichemka.

Na walikuwa wanauliza kwelikweli, kutwa nzima. Nililalamika mpaka wenzangu wakanichoka. Mkuu wa mizigo, mtu ambaye mdomo wake hauna breki, ndiye aliyenikatiza tukiwa kwenye chai.

"Mama Vibao, badala ya kututoboa masikio, si ulipeleke hilo swali kwenye utafiti wa pamoja?"

Utafiti wenyewe uko hivi. Viwanja kadhaa vya ndege viliona matatizo yao yanafanana, vikaona hakuna haja ya kila kimoja kuhangaika kivyake. Mtu yeyote anayefanya kazi uwanjani, awe zimamoto, awe mtu wa meza kama mimi, anaweza kuandika linalomsumbua akalituma. Likichaguliwa, inaundwa kamati ya watu wa kazi hiyohiyo kutoka viwanja mbalimbali, anatafutwa mtafiti, na viwanja vinavyojitolea vinakuwa pa kufanyia majaribio. Jibu likipatikana ni la wote. Mimi siku zote nilidhani mambo hayo ni ya maprofesa na makoti yao. Kumbe wanatutaka sisi tunaoshinda humu ndani.

Basi nikaandika: kwa nini abiria wanauliza njia wakati vibao vipo? Sitaficha, jibu nilikuwa nalo tayari. Abiria ni wavivu wa kusoma. Nilichotaka ni mtafiti aje aliseme hilo kwa maneno makubwa, ili nikae kwa amani.

Swali likachaguliwa. Kichwa kilinivimba, hata nyumbani walikiona. Mama mkwe wangu, ambaye tunakaa naye na tunapendana kwa makelele, alisema sasa nikipita mlangoni nikunje shingo. Nikaingia kamati, tukakutana watu wa viwanja vinne. Mtafiti alikuwa bwana mmoja mpole, wa kukuuliza neno halafu akanyamaza mpaka ujisemeshe mwenyewe.

Mpango wake ulikuwa rahisi kueleza. Asubuhi moja, katika viwanja vyote vinne kwa wakati mmoja, hakuna mfanyakazi atakayemwonyesha abiria njia. Atakayeuliza ajibiwe, "Samahani, tafadhali fuata vibao." Wasaidizi wa mtafiti watatazama kwa mbali watu wanasimama wapi na wanapotelea wapi. Mgonjwa asaidiwe, mtoto aliyepotea asaidiwe, na abiria ambaye ndege yake imetangazwa mara ya mwisho ashikwe mkono apelekwe. Wengine wote, kimya. Uwanja mmoja ukivunja sharti, kazi ya vyote vinne inaharibika, kwa sababu haitalinganishika tena.

"Na akija ndugu yako je?" aliuliza mama mmoja wa uwanja wa jirani, msimamizi wa vibao kama mimi.

Huyo mama nilikuwa namshuku tangu zamani. Uwanja wao unapenda sifa. Nikaona huyu anatafuta upenyo wa kuchakachua, nikasimama kabisa. "Hakuna cha ndugu," nikasema. "Hata awe mama yako mzazi, siku hiyo ni abiria. Akikuita, mpe kisogo." Kamati nzima ikakubali, likawa sharti. Nilirudi nyumbani nikijiona mtu wa maana.

Siku yenyewe ikafika. Jamani, sisi watu wa uwanjani hatujazaliwa kunyamaza. Mlinzi wa mlangoni aliuma midomo mpaka ikapauka. Mkuu wa mizigo alifungia mikono nyuma, maana alisema ina tabia ya kuonyesha njia yenyewe bila kumwomba ruhusa. Kila abiria aliyeuliza alijibiwa fuata vibao, fuata vibao, jengo zima likawa na adabu ya ajabu, kama nyumba ya watu waliogombana jana.

Simu yangu ikalia. Mume wangu.

"Mama anasafiri leo," akasema. "Dada kashikwa na uchungu kabla ya siku zake, analia anamtaka mama yake. Nimemshusha mama hapo mlangoni, mimi nawahi kazini. Nimemwambia asihofu kitu, mkwe wake ndiye mwenye uwanja."

Akakata kabla sijafungua mdomo. Mama mkwe hajawahi kupanda ndege maishani. Na ndege ya kwenda huko kwa wifi ni moja tu kwa siku. Ikimwacha, mjukuu wake wa kwanza kwa binti yake atazaliwa yeye akiwa kwenye kiti cha uwanja wangu. Nikaenda mbio kwa mtafiti.

"Kuna abiria mmoja naomba aondolewe kwenye utafiti."

"Kwa nini?"

"Ni mama mkwe wangu."

Akanyamaza, kama kawaida yake. Nikajisemesha. "Mimi nilisema mama mzazi. Mkwe sikumtaja."

Nadhani alitaka kucheka akajizuia. "Wenzako wa viwanja vitatu wamefunga midomo sasa hivi kwa neno lako," akasema taratibu. "Mimi siwezi kukufunga wako. Amua mwenyewe."

Nikaamua kukaza roho. Nilijiambia vibao ni vyangu, navijua, vitamfikisha. Na yeye si mtu wa kuuliza. Kashona nguo za watu maisha yake yote, jicho lake halipitwi na uzi. Nikajibanza nyuma ya nguzo, nikamwona anaingia, gauni lake la sherehe mwilini, mkoba kaubana kwapani, anaburuta sanduku. Alisimama, akasoma kibao cha kwanza midomo ikimchezacheza. Akaenda moja kwa moja pa kukaguliwa. Akasoma cha pili, akaenda moja kwa moja kupima mzigo. Sanduku lilikuwa dogo, wakamwambia aingie nalo. Furaha niliyokuwa nayo pale nyuma ya nguzo, ningeweza kuimba.

Halafu akafika kwenye kibao changu kikubwa kuliko vyote: VYUMBA VYA KUONDOKEA, na mshale mnene unaoelekea juu. Akautazama mshale. Akatazama kushoto kwake, palipo na ngazi za kwenda ofisini. Akakunja gauni, akanyanyua sanduku, akaanza kupanda ngazi.

Kwetu sisi wa kazi hii mshale wa kwenda juu maana yake endelea mbele, na nimeujua hivyo muda mrefu kiasi kwamba sijawahi hata siku moja kuuona unaelekeza juu. Bwana mmoja mwenye begi la mgongoni akamfuata mama mkwe, na nyuma yake mke na mume, wote ngazini. Nikakumbuka kwamba siku za kawaida hapo chini ya ngazi huwa anasimama mtu, leo mfagiaji, kesho mlinzi, akirusha mkono, "Si huko, nyooka mbele." Miaka yote hiyo tulikuwa tunakiokoa kibao kibovu kwa midomo yetu, halafu mimi nawatukana abiria.

Nilikuwa bado nimesimama na mawazo hayo alipoteremka, anahema. Huko juu alikuta milango ya ofisi. Akaniona, na uso wote ukamng'aa.

"Mwanangu, afadhali. Ndege yangu iko wapi?"

Mkuu wa mizigo alikuwa ananitazama. Mlinzi ananitazama. Msaidizi wa mtafiti kalamu yake hewani.

"Samahani," nikasema, "tafadhali fuata vibao."

Nikampa kisogo. Sikumwamkia, sikumpokea sanduku, mimi ninayekula naye sahani moja. Nyuma yangu nilisikia "Ahaa" moja ndogo, basi. Sijawahi kujichukia namna ile. Nilipogeuka, alikuwa amekitazama tena kibao, kama mtu anayetii, na anapanda ngazi zilezile. Akaenda kukaa kwenye benchi nje ya mlango wa mkuu wa uwanja, miguu pamoja, mkoba magotini, akisubiri ndege imfuate.

Dakika zile zilinizeesha. Kipaza sauti kilipoanza kutangaza ndege yake kwa mara ya mwisho, sikusubiri kimalize sentensi. Niliruka ngazi viatu mkononi.

"Shikamoo mama, twende, ndege inaondoka."

Hakugeuza hata shingo. "Samahani," akasema, "mimi nafuata vibao."

Nikanyakua sanduku lake nikatimka nalo, kwa kuwa nilijua humo ndani mna nguo za mtoto alizoshona kwa mkono wake, na asingeziacha. Alinifuata akinitupia maneno njia nzima, mwanamke wa umri ule anakimbia kuliko mimi. Mlangoni nilimkabidhi sanduku, nikamwambia nisamehe mama, ni utafiti.

"Utafiti ndio nani?" akauliza, na mlango ukafungwa.

Aliwahi. Mjukuu, wa kike, alizaliwa jioni ileile bibi yake akiwa pembeni. Wifi alinipigia akicheka mpaka akalia, mume wangu akaninunia wiki nzima, na mama mkwe akazungumza na kila mtu wa nyumba yetu kwa simu isipokuwa mimi. Nikichukua simu, mtandao unakatika. Nilieleza kupitia wengine: sharti, viwanja vinne, tangazo la mwisho. Jibu lililorudi ni kwamba amesikia.

Kamati ilipokutana kusoma majibu, nilikwenda na uso wangu mkavu nikasema mbele za watu kwamba kibao kibovu ni changu. Kumbe si changu peke yangu. Katika viwanja vyote vinne watu walipanda ngazi kwa mshale uleule. Kwa jirani zetu walipanda mpaka wakatokea jikoni kwa wapishi. Na yule mama niliyemshuku akasimulia kwamba asubuhi ile alipita mjomba wake aliyemlea, akamwita kwa jina la utotoni, naye akampa kisogo kama tulivyokubaliana. Mpaka leo mjomba hajatia mguu kwake. Nilimshika mkono chini ya meza, tukabaki hivyo. Tukapitisha kwamba mshale wa juu usikae tena karibu na ngazi popote, na mstari mnene upakwe sakafuni, kwenye njia ya kuondoka na ya kuwasili, kutoka mlango hadi mlango. Wetu niliusimamia mwenyewe, magoti chini.

Mama mkwe akarudi mtoto alipotimiza arobaini. Nilitoka kumpokea mapema. Wenzangu wote siku hiyo walikuwa na kazi ya ghafla palepale ukumbini, hata mkuu wa mizigo alikuwa anafuta dirisha. Akatokea, sanduku mkononi, amenawiri. Akaniona.

"Shikamoo mama," nikasema, mikono nimeifungua.

Akanipita. Hakunitupia hata jicho. Akainamisha kichwa akautazama mstari sakafuni, akaanza kuufuata. Kila kibao alisimama, akakisoma mpaka mwisho, akasonga. Kwenye ngazi alisimama muda mrefu kidogo. Akazitazama ngazi, akautazama mstari, akanyooka mbele. Mimi nyuma yake, kimya, nimebana mikono, na nyuma yangu najua jengo zima limeacha kazi. Akatoka mlangoni mpaka nje juani. Hapo akatua sanduku, akageuka.

"Sasa vinasomeka," akasema. "Haya, niamkie."

Nikamwamkia. Akaitikia marahaba yote, ndefu, kisha akanisogezea sanduku kwa mguu ili nilibebe.