Hakijazinduliwa

Bwana mkubwa wa afya wilayani alikuwa ameweka miguu juu ya boksi la vitabu vya mwongozo mpya wa dawa. Muuguzi, aliyeshuka sasa hivi kwenye lori la mkaa, alisimama mbele yake na vumbi lake lote. Kiti cha wageni kilikuwa kimelemewa na maboksi mengine.

"Sista, mbona hunielewi? Mwongozo haujazinduliwa."

"Naelewa, mkuu. Lakini dawa mpya ya degedege mlishatuletea, na karatasi yake ni ya lugha ambayo hata wewe huisomi. Nina mgonjwa mtoto kule zahanati, bibi yake tu ndiye yuko naye. Nionyeshe ukurasa mmoja, nipige picha niondoke."

"Upige picha? Isambae mitandaoni, halafu mgeni rasmi azindue nini? Unataka unga wangu umwagike?"

"Basi niambie tu kwa mdomo. Mtoto wa miaka miwili anadungwa kiasi gani?"

Bwana mkubwa alicheka, akatazama dari. Hakujua. Hakuwahi kukifungua hicho kitabu, na wala hakuona haya.

"Tumia uzoefu, mama. Si ndiyo kazi uliyosomea?"

Muuguzi aligeuka akatoka, kwa sababu lori halingemsubiri.

Alirudi akatumia uzoefu. Alipima kama alivyokuwa akipima dawa ya zamani, akamdunga mtoto, na bibi akasema, "Asante, mwanangu, Mungu akuweke." Degedege ilikoma. Baadaye kidogo, na pumzi.

Siku ya uzinduzi zililetwa turubai, spika na kofia za bure. Mgeni rasmi alichelewa mpaka watu wakachoka, akaja, akawasifu wauguzi wa pembezoni kwa moyo wao. Muuguzi aliitwa apokee kitabu cha kwanza. Alikifungua palepale, mbele za watu, akatafuta degedege. Jedwali lilikuwa jepesi, mtoto wa shule angelielewa. Alichomdunga yule mtoto kilikuwa kipimo cha mtu mzima.

"Kifunge, tabasamu," bwana mkubwa alimnong'oneza, meno yote nje. "Na ukishapigwa picha unirudishie. Hicho tunakwenda nacho kituo kingine."

"Na chetu?"

"Mafuta ya gari yakipatikana."

Alikishikilia. Bwana mkubwa akakivuta. Mpiga picha akaomba warudie, akawageukia wananchi akawaambia wachangamke. Mstari wa mbele, bibi wa yule mtoto, kofia mpya ikimfunika mpaka kwenye nyusi, alimpigia muuguzi wake makofi kuliko wote.