Udongo Uliopigiwa Kura

Jameni, udongo hupigiwa kura? Katika kanisa moja la mtaa wa Umoja ulipigiwa. Kamati ya ujenzi ilikuwa na desturi yake: jambo likibishaniwa, watu wananyoosha mikono, wengi wanashinda, kisha wanaomba. Ndivyo walivyochagua rangi ya mapazia, na ndivyo siku ile walivyoamua msingi wa darasa la chekechea uende chini kiasi gani.

Luseno, aliyekuwa mtaalamu wa udongo serikalini kabla ya kupunguzwa kazi, aliwaeleza mpaka koo likamkauka: udongo huu mweusi ukinywa maji unavimba, ukikauka unapasuka, chimbeni mpaka mwamba. Naftaly, muuza mbolea aliyejiita mtaalamu wa udongo vilevile, alisema futi mbili zatosha. Akatoa cheti cha semina. Luseno naye akatoa digrii.

"Wote mna karatasi," alisema mwenyekiti, Mzee Shiundu. "Sisi tutajuaje? Tunyooshe mikono."

Futi mbili zikashinda. Hata Lenah, mke wa Luseno, ambaye ndiye angefundisha darasa hilo, alinyoosha mkono upande wa Naftaly.

"Baba Marion, wewe kila siku ni chimba, chimba," alimwambia wakirudi nyumbani. "Watoto watasoma lini?"

Luseno akatangulia mbele. Kubishana kulikuwa kumemchosha, na mkono wa mkewe ndio uliomchosha zaidi.

Ikaja mvua ya Elnino. Asubuhi moja, Lenah akiwa ndani ya darasa jipya na watoto, ukuta ulipasuka, fremu ikabana, mlango ukakataa katakata kufunguka. Watoto walitolewa dirishani wakilia. Lenah alitoka wa mwisho, gauni limechanika, akamshika mumewe shati na kumsihi asiseme neno.

Kamati ikakaa. Naftaly alisimama akaomba msamaha huku analia, na alilia kweli, si mchezo. Wakamsamehe, wakaomba.

"Basi?" Luseno aliuliza. "Ni hivyo tu?"

"Ulitaka tumfanye nini, ndugu?" Mzee Shiundu naye alikuwa amechoka. "Angekuwa dereva, angenyang'anywa leseni. Daktari pia. Huyu tumnyang'anye nini? Hiyo kazi yenu mtu anaamka tu asubuhi, anasema yeye ni mtaalamu."

Ilikuwa kweli tupu, na ilimuuma Luseno kuliko matusi. Hapakuwa na ofisi ya kumshtaki Naftaly wala daftari la kufutia jina lake. Chai haijamiminwa, Naftaly akaaga. Kesho yake, alisema, alikuwa na kazi mtaa wa Tassia, nyumba ya kupangisha, gorofa nne.

Kesho hiyo Luseno alijikokota mpaka Tassia. Aliukuta mtaro wa msingi umeishia magotini, udongo mweusi ti. Mwenye ploti, mama mmoja aitwaye Benta, alimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Sasa mzee wangu," alisema, "yule anasema ni pazuri, wewe unasema ni pabaya. Na nasikia serikali ilikuachisha kazi. Nitajuaje hutafuti kazi yake?"

"Mimi naujua udongo, mama."

"Hata yeye alisema hivyo hivyo."

Mafundi walikuwa wameshakoroga zege. Mmoja wao alimgusa Luseno bega, akamwomba kwa upole asogee kidogo, wapate kumwaga.