Umri wa Bwana Kibaba

Katika nyumba ya Mzee Athmani, pale Kibokoni, vitu vitatu havikupita mlangoni: nguruwe, ulevi, na riwaya iitwayo *Kibaba Kimoja*. Viwili vya kwanza vimekatazwa na Mwenyezi Mungu. Cha tatu alikikataza Mzee mwenyewe, na wallahi hicho ndicho kilichoogopwa zaidi.

Riwaya hiyo yasomwa mashuleni mpaka leo. Ndani yake mna mfanyabiashara mchoyo, Bwana Kibaba, mwenye jino la dhahabu, auzaye mchele kwa kibaba alichokipaka nta chini ili kisijae sawasawa. Ilipotoka, mwaka wa sitini na tisa, Mzee Athmani alikuwa na duka la mchele. Alikuwa na jino la dhahabu. Na mwandishi, Hussam, alikuwa rafiki yake wa tangu utotoni, chanda na pete. Watu wa barazani wangetaka nini tena? "Athmani, umetiwa kitabuni, na jino lako!" Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Tangu siku hiyo Athmani hakumpa Hussam hata salamu.

Wala kitabu hakukisoma! Hilo ndilo linalonikera miye. Hussam alimletea ujumbe: "Nitasema naye akishakisoma." Athmani akajibu: "Nitakisoma akishaniomba radhi." Wakakwama hapo miaka hamsini na kitu. Hussam akahamia Kizingo kwa bintiye, wote wawili wakaota mvi, magoti yakaanza kulia, na hakuna aliyeshuka. Watu wazima hao! Na wale waliokisoma walijua ukweli wa mambo, ila utani ukishakolea hakuna ajitiaye kuuharibu.

Sasa mwangalieni Yumna, mjukuu wa Mzee Athmani, aliyelelewa naye na mkewe Bi Mwanakuu tangu alipoachishwa ziwa. Kasoma, kahitimu, kapata kazi ya kufundisha Fasihi katika shule moja huko Kizingo. Kazi yake ya kwanza. Na kitabu alichopangiwa ni kipi? Hichohicho.

"Kisome hukohuko shuleni," wenzake wakamwambia. "Babu yako atajuaje?"

Lakini Babu alikwisha kumwambia, tena bila kupaza sauti, "Ukikifungua kitabu kile, popote pale, radhi zangu huna." Radhi za mzazi si za kuchezewa, na Yumna alimpenda babu yake kuliko mshahara. Aliutaka mshahara pia, msidhani. Akawa analala akigeuka ubavu huu na huu.

Bi Jael, mkuu wa idara, mama mpole asiyependa maneno mengi, alimpa nafasi. "Wiki mbili za mwanzo sisi hufundisha zama za kitabu, kabla mwanafunzi hajafungua ukurasa. Hilo waweza bila kukisoma. Jumatatu ya tatu vitabu vinafunguliwa. Ukiwa bado, darasa nitampa mwingine."

Basi Yumna akaenda maktaba, shingo upande. Mkutubi alikuwa Joab, kijana wa miwani mwenye kutembea kama anayeogopa kuwaamsha watu. Akamtolea majalada ya magazeti ya zamani, makubwa kama sinia, akampangusia vumbi. "Anzia hapa, mwalimu. Elfu moja mia tisa arubaini na tatu."

Siku ya kwanza alikuja kwa kulazimika. Ya pili alikuja kwa raha zake. Ya tatu alisahau chakula cha mchana. Alisoma matangazo ya nguo za marikani na ya mafuta ya taa, akasoma barua ya bwana mmoja aliyelalamika kwamba jirani afuga bata chumbani, akacheka peke yake mpaka Joab akajiwekea kidole mdomoni kumtuliza. Mji uleule, vichochoro vilevile alivyopita kila asubuhi, na watu ndani yake wenye shida zao na vituko vyao! Alijihisi kama aliyefunguliwa chumba cha ziada nyumbani kwao.

Siku ya nne ndipo lilipomjia la kuuliza. "Bwana Joab, kwa nini arubaini na tatu hasa? Kitabu si kilitoka sitini na tisa?"

"Kutoka kilitoka sitini na tisa. Lakini hadithi yaanza siku mchele ulipoanza kutolewa kwa kadi, wakati wa vita, meli za kutoka Burma zilipokatika. Yaanza mwaka huo na kwisha mwaka huohuo." Joab akamtazama juu ya miwani. "Ala! Mwalimu, hukijui kitabu utakachokifundisha?"

"Sijafungua hata jalada," akasema Yumna, lakini akili yake haikuwapo tena. Alikuwa akihesabu kwa vidole, kimoja kimoja. Alipofika mwisho aliruka, akapiga kigelegele humohumo maktabani, na safari hii Joab hakuwahi kumzuia.

Alimkuta Babu amekwisha kusali alasiri, kikombe cha kahawa mkononi. Bi Mwanakuu alikuwa kando, uteo magotini, akichagua mchele.

"Babu, ulizaliwa mwaka gani?"

"Kitambulisho chasema thalathini na sita. Kwani wataka kunioza?"

"Atakutaka nani?" akasema Bi Mwanakuu.

"Na wakati wa vita, Babu, ulikuwa na duka?"

"Duka! Ningeuza nini miye, kamasi?"

Yumna akapiga magoti mbele yake. "Basi nisikize. Kitabu sikukifungua, wallahi. Nimesoma magazeti ya zama zake tu. Hadithi ile ni ya mwaka wa arubaini na tatu. Bwana Kibaba ni mtu mzima mwenye duka lake, na wewe ulikuwa mtoto wa miaka saba. Si wewe, Babu! Hukuwa wewe hata siku moja!"

Alingoja kicheko. Alingoja hata alhamdulillahi. Mzee aliweka kikombe chini, uso umemshuka.

"Simo?"

"Humo, Babu."

"Hata jino?"

"Jino ulilitia lini?"

"Sitini na tano," akasema kwa sauti ndogo.

Bi Mwanakuu akaangusha uteo, akacheka hadi mtandio ukamtoka kichwani. "Subhanallah! Na wale wanafunzi waliokuwa wakiletwa kutazama duka la Bwana Kibaba! Babu yako yuwafukuza, lakini kwanza avae kanzu safi, acheke, jino lionekane!"

Hapo Yumna akamwelewa babu yake. Kutiwa kitabuni kwa ubaya kulimuuma, kweli. Lakini kutotiwa kabisa kulimuuma zaidi. Kisha akaona jambo jingine likimpita Mzee usoni, zito kuliko hilo la kwanza.

"Na Hussam?" akauliza Mzee. "Nimemnunia mtu miaka yote hii bure?"

Hata Bi Mwanakuu aliacha kucheka.

"Kilete," akasema Mzee. "Hicho kitabu. Kisome hapa nisikie. Radhi zangu unazo, na nyongeza."

Yumna alitoka mbio. Hakwenda mbali: kila nyumba mtaani ilikuwa nacho isipokuwa yao, na kufumba na kufumbua alirudi na nakala tatu, moja haina jalada. Akaketi akasoma. Foleni ya mchele, askari, akina mama na vikapu vyao, na mtoto mdogo anayesimulia yote. Babu alimkatiza kila mstari. "Huyo ni marehemu fulani! Huyo namjua, alikuwa na mbuzi mkorofi!" Yumna akafika ukurasa wa sita.

"'Siku ya pili jiko letu halikuwashwa. Nilikuwa nimelala mkekani rafiki yangu alipoingia mbio, akavua kofia yake mpya. Ndani mlikuwa na ukoko wa wali, wa moto, umemchoma utosi, machozi yamlengalenga naye acheka. Akaniambia, kula upesi, baba asije akaiulizia kofia.'"

Yumna akainua macho. Mzee Athmani alikuwa ameweka mkono utosini.

"Nilichapwa," akasema. "Kofia ya Idi ile, nyeupe, ikaingia mafuta. Nilichapwa nisiweze kukaa, wala sikusema ukoko nimempelekea nani." Machozi yakamtiririka kwenye ndevu, na jino likang'aa, maana alikuwa akicheka vilevile. "Mwanakuu, wasikia? Nimo! Nimo ukurasa wa sita!"

"Nasikia, mume wangu," akasema Bi Mwanakuu, naye ajifuta kwa ncha ya mtandio.

Mzee akainuka, magoti yakalia, asiyajali. "Nipe kanzu yangu. Yumna, ita tuktuk, twende Kizingo kwa Hussam."

"Lakini Babu, tumesoma kurasa sita tu!"

"Zilizobaki," akasema Mzee, mguu mmoja ukitafuta kiatu, "atanisomea mwenyewe."