Kitufe cha Kwanza

Taa za kibodi ile nyeupe zilikuwa zikitembea kutoka kushoto kwenda kulia, buluu, kisha zambarau, kisha buluu tena, na uso wa Prisca ukawa unabadilika nazo. Alikuwa ameinama juu ya kaunta, mikono ameifunga nyuma kama mtoto aliyekatazwa kugusa. Silantoi alimtazama, roho ikamuuma. Hata kuduwaa dukani, msichana huyu alijua kuduwaa vizuri.

Tuseme ukweli: Prisca hakuwa na kosa. Silantoi mwenyewe ndiye aliyemfundisha gemu, kwenye chumba cha Derick pale Lemara, miezi minane tu iliyopita. Akamwonyesha pa kujificha, pa kuruka, wakati wa kufyatua na wakati wa kutulia. Mwanafunzi akakua, akampita mwalimu, na juzi Derick, nahodha wao, akasoma majina ya watano watakaocheza mashindano ya Jumamosi. Wa tano, Prisca. Silantoi, wa akiba. Akapiga makofi pamoja na wenzake, tena kwa nguvu, mpaka viganja vikawaka moto.

Kisha timu ikachanga, na yeye akatumwa. "Nenda naye mjini umchagulie kibodi," Derick alisema. "Wewe ndiye unayezijua." Na kweli alizijua. Zile za kuchezea gemu, ambazo kila kitufe kina springi yake, alikuwa akizisoma kwenye simu kama wengine wanavyosoma Zaburi.

Elirehema, muuzaji, kijana mpole mwenye sweta la kijani, aliwawekea mbili. Bei moja, ile waliyoimudu. Zote ndogo, hazina safu ya namba upande wa kulia, na zote hazina waya. Nyeupe ndiyo hiyo yenye taa. Ya pili ilikuwa ya kijivu, haina taa hata moja, imenuna kama ng'ombe aliyenyeshewa.

"Dada zangu, zote nzuri," alisema Elirehema. "Ni macho yenu tu."

Hayakuwa macho. Silantoi alikwisha kusoma maandishi madogo nyuma ya maboksi. Nyeupe ilitegemea blutuu peke yake. Ukumbi wa mashindano ukijaa watu na simu zao, ingechelewa kuitikia. Si sana, kiasi cha kupepesa jicho, lakini katika gemu yao kupepesa jicho ndiko kufa. Ya kijivu ilikuja na kidude chake cha kuchomeka kwenye kompyuta, nayo isingesitasita. Neno moja tu lingetosha.

"Unaonaje?" Prisca akamuuliza.

"Hiyo nyeupe imekukaa."

Hakusema uongo, ndivyo alivyojiambia. Tayari aliiona Jumamosi: Prisca anaanguka raundi ya kwanza, Derick anageuka kumtafuta yule wa akiba. Wivu nao una ndoto zake tamu. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, ila hawakusema huyo anayekula anajisikiaje.

Walilipa, wakavuka barabara, wakaketi kwenye kibaraza cha mgahawa kunywa chai. Rasharasha zilikuwa zimeanza kushuka kutoka upande wa Meru. Prisca akafungua boksi taratibu, akaiweka kibodi mezani, akaiwasha kwa swichi ya ubavuni. Kitufe hata kimoja hakukigusa.

"Mbona huijaribu?" Silantoi aliuliza.

"Nakusubiri wewe." Prisca akacheka kidogo, kwa aibu. "Bibi yangu kule Machame hakubali kitu kipya kitumike kabla hakijaguswa na mtu anayekutakia mema. Jembe, sufuria, hata cherehani ya mama. Ndiyo maana dukani nilifunga mikono. Derick alitaka kuja yeye, nikamwambia hapana, aje Silantoi."

Akaisukuma kibodi mpaka upande wa pili wa meza.

"Bonyeza chochote."

Silantoi akanyoosha mkono. Kidole kikafika juu ya herufi, taa za buluu zikapita chini yake, zikarudi. Ni plastiki tu, alijiambia, na bibi wa Machame hayupo hapa. Kidole hakikushuka. Wivu alikuwa nao bado, uleule, haujapungua hata chembe. Nafasi ile ya tano bado aliitaka mpaka meno yakamuuma. Akaurudisha mkono, akauficha mfukoni.

Tabasamu la Prisca likaanza kupungua. "Vipi?"

Ng'ambo ya barabara, Elirehema alikuwa akiingiza ndani ubao wake wa matangazo usilowe. Silantoi alimtazama mpaka akamaliza.

"Irudishe kwenye boksi," alisema. "Duka bado halijafungwa."